Nyumba Yangu, Mawe ya Mama Kavira

Goma. Jumapili, 6 Januari 2002

Nimenyoa tangu asubuhi. Wengi askari wa waasi. Kichwa cha mwasi kina mba kama kichwa cha karani yeyote. Wanakaa na bunduki magotini, mimi na wembe shingoni mwao. Mji wanaushika wao. Koo, kwa muda ule, ninalishika mimi.

Jioni nikarudi nyumbani. Nyumbani. Ni miezi mingi sijaandika neno hilo. Tangu nitoke Kigoma nimelala Bujumbura, Uvira, Bukavu. Vibarazani, msikitini, mara moja ndani ya boti pamoja na mbuzi. Mbuzi walilala vizuri.

Sasa nina nyumba hapa Murara. Chumba kimoja cha mbao, bati juu, mlango mwepesi wa rangi ya bluu. Niliinunua kwa Deo, fundi cherehani, aliyehamia Kampala. Sihami tena. Mgongo umekataa.

Mji wenyewe siupendi. Chini kweusi, kuta nyeusi, hata kuku weusi. Hakuna udongo, ni mawe tu yaliyotapikwa na mlima. Uani kuna nyumba ya mawe ya Mama Kavira, mjane wa Butembo, muuza maharage. Ananitazama kama dudu lililokutwa ndani ya gunia lake.

Jumanne, 8 Januari

Mama Kavira alikuja. Nilimpa kigoda, akakikataa. Akauliza nitaondoa lini nyumba yangu. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ulinunua mbao, Muzee. Mawe haukununua. Mawe iko yangu."

Nimeuliza mtaa mzima. Ni kweli. Hapa nyumba ni kitu kimoja na parseli, yaani kiwanja, ni kitu kingine. Mtu ananunua mbao na mabati, anang'oa misumari, anabeba nyumba yake kama kitanda na kuisimamisha kwingine. Hata watoto wanajua. Deo alikuwa amepangishwa mahali pa kuiweka tu.

Kwetu nyumba ni tofali za udongo. Nani aliwahi kubeba nyumba? Ukinunua nyumba umenunua na chini yake. Deo alinigongea ubao mmoja mmoja, akanionyesha mabati, tukanywa soda mbele ya mashahidi. Habari ya chini hakuna aliyeitaja. Nilidhani haitajwi kwa sababu imo.

Mjinga mimi. Mzee mwenye mvi na mjinga.

Anataka niondoke kabla ya katikati ya mwezi. Pangu anataka kujenga stoo ya maharage. Namchukia.

Jumatano, 9 Januari

Nimempeleka kwa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa. Majirani walijaa kama kwenye harusi. Nilisema huyu mama anataka maharage yalale kitandani kwangu na mimi nilale barabarani. Wakacheka. Shefu naye alicheka. Nikajiona nimeshinda.

Shefu akatembea kutoka nguzo ya umeme hadi mti wa parachichi, akakata kushoto hadi ukuta wa kanisa, akarudi. Mimi nyuma yake, nikibisha kila kona. Alinirudisha tukapima upya, na upya tena. Sasa naijua parseli ile kuliko mke wa mtu anavyojua chungu chake. Mwisho akasema: mbao za Muzee, mawe ya Mama. Basi.

Mwanamke mmoja akaniambia nirudi kwetu na nyumba kichwani. Wakacheka zaidi kuliko walivyocheka utani wangu. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 12 Januari

Vita. Ameanika magunia mbele ya mlango wangu, natoka kwa ubavu. Nami nimehamishia kiti cha kunyolea chini ya dirisha lake. Nywele za waasi zinaingia jikoni kwake. Namwambia Goma haina bahari, basi huo ndio mwani wake.

Ardhi imetetemeka tena, vikombe vikagongana. Mlima unatoa moshi mwingi. Mama Kavira alikuwa anasali rozari. Nilimwambia kupitia ukutani kwamba si mlima, ni dhamiri yake inatikisika. Akanimwagia maji. Maji safi ya mvua, katika mji ambao maji yanabebwa kutoka ziwani. Kwa hiyo ananichukia kweli.

Jumatano, 16 Januari

Nimebomoa. Bosco wa Rutshuru, mtu mzima mwenye masharubu, alikuja na chukudu yake, lile gari la mbao la magurudumu mawili wanalolisukuma kwa mguu. Alinyoosha kila msumari na kuutia koponi. Nyumba yangu yote ikakaa juu ya chukudu. Ni aibu kuona maisha yako yanafungwa kwa kamba moja.

Kwenye kizuizi askari alivuta ubao mmoja wa kupikia. Nilimnyoa juzi. Hakunikumbuka, au alinikumbuka. Sasa ubao wangu unachemsha maharage ya mapinduzi.

Mbao nimeziweka kwa Bosco, Ndosho, upande wa pili wa mji. Mlango umebaki. Mama Kavira kaufungia kwake. Anasema fremu ilisimikwa kwenye mawe yake, kwa hiyo mlango ni wa mawe. Kesho naufuata. Nyumba bila mlango ni zizi.

Ijumaa, 18 Januari. Gisenyi, Rwanda

Jana sikuandika. Mlima ulipasuka.

Nilikuwa nimefika Murara kudai mlango. Watu wanashuka mbio, magodoro kichwani, mbuzi, cherehani, mgonjwa kwenye toroli. Nyuma yao mawe mekundu yanatembea. Hayana haraka. Hayahitaji.

Mama Kavira amekaa mlangoni kwake na rozari, mlango wangu umeegemezwa ukutani kando yake. Hatoki. Nyumba ile alijenga marehemu mume wake, na mume huyo, akasema, hakukimbia hata waasi.

Nilimwambia, mama, mawe yako yanafuatwa na ndugu zake, twende. Hakugeuka. Nikajua nikimbembeleza atafia pale. Mtu wa namna ile habembelezwi.

Nikauiba mlango.

Nilijitwika nikakimbia. Nikapiga kelele kwamba maharage ya Butembo yana wadudu na mji wote unajua. Nikasikia kigoda kikianguka. Alinifukuza kwa mwiko tangu Murara hadi barieri ya mpakani, akiita mwizi, mwizi, na hakuna aliyejali, kila mtu alikuwa amebeba kitu. Alinipiga mara moja, begani. Bado panauma.

Tulipovuka aligeuka. Upande wetu wa mji ulikuwa moto. Akakaa juu ya mlango wangu.

Jumatatu, 21 Januari

Tumerudi. Watu wote wanarudi, heri mawe ya moto ya kwetu kuliko ukarimu wa jirani. "Ya kwetu." Nimeandika mwenyewe, siyafuti.

Tulipanda juu ya mawe mapya. Ndala zangu zimeyeyuka kisigino. Nyumba ya Mama Kavira hakuna. Parachichi hakuna. Imebaki ncha ya nguzo ya umeme, na ukuta wa kanisa kutoka dirishani kwenda juu. Angekuwa amekaa pale, angekuwa chini yetu. Alilijua hilo. Aliangalia miguu yake muda mrefu.

Jumapili, 3 Februari

Majirani wote sasa wanakumbuka parseli kubwa kuliko walizokuwa nazo. Muuza makaa wa nyuma anasema kwake kulifika hadi nguzo. Mama Kavira analia kwa hasira, hana alama. Shefu akauliza nani anakumbuka mipaka ya mama. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Muuza makaa alininong'oneza nisogeze mpaka hatua chache tu, kwake kuna nafasi ya mbao zangu. Niliwaza. Siandiki uongo hapa: niliwaza vizuri kabisa. Nikakumbuka maji, magunia, kicheko. Nikakumbuka mwiko.

Nilitembea. Nguzo. Parachichi lilipokuwa. Kushoto hadi ukuta wa kanisa. Kurudi. Pale pale alipopita shefu.

"Mawe ya Mama," nikasema. "Tuliyagombania mbele yenu wote, mkacheka."

Shefu akakubali. Muuza makaa akatema mate karibu na mguu wangu. Mama Kavira hakunishukuru. Alifuta uso kwa kitenge, akauliza: "Mbao zako iko wapi, Muzee?"

Jumapili, 10 Machi

Nyumba imesimama. Bosco alileta mbao kwa chukudu na kopo la misumari, hakuna uliopotea. Tumeigawa katikati kwa magunia, upande wangu na upande wake. Ubao uliochukuliwa na askari umeacha pengo, na pengo, bila shaka, limekuwa upande wangu. Anasema mwenye mbao ndiye mwenye pengo.

Ananilaumu kwa kukohoa. Mimi namlaumu kwa rozari. Jana alitupa sabuni yangu ya kunyolea. Leo amenipa sahani ya maharage bila kunitazama, nikayachambua mbele yake nikitafuta wadudu. Hayakuwa na wadudu. Sikumwambia.

Mbao zangu, mawe yake. Mlango bado hatujakubaliana, lakini jioni anaufunga yeye na asubuhi naufungua mimi.

Nje kuna mvua na baridi ya mlimani. Mawe chini bado yana joto. Nimelaza mgongo hapo. Umetulia.