Sare Nyekundu kwenye Mvua ya Vunja Jungu

Malindi, Jumamosi, mwanzo wa Mei 1986

Mvua tangu alfajiri, ile ya masika isiyo na haraka. Nimerudi jioni hii nimelowa chapachapa, na nina hasira tulivu ambayo hata hainisumbui. Naandika kabla haijapoa.

Ramadhani imekaribia, kwa hiyo watu wanavunja jungu: wanakula na kutembea kabla ya mfungo. Ukoo wa aliyekuwa mume wa mdogo wangu, Rukia, ulifanya mandari, karamu ya nje, leo kwenye shamba lake la minazi huko Ganda. Rukia alipewa talaka mwaka jana. Hata hivyo aliitwa, na sababu aliambiwa bila haya: wakishakula, bintiye Salma ataulizwa mbele ya wakubwa anataka kuishi na nani, mama yake au nyanya yake, Bi Zuhura. Salma ametimiza miaka saba, umri wa mtoto kuulizwa. Babake anafanya kazi kwenye viwanda vya chumvi kule Gongoni, na hakuona haja ya kuja.

Mtoto aulizwe jambo kama hilo kati ya pilau na chai. Kwa kazi yangu ya gazeti nimekaa kwenye mahakama nyingi, na hata zile za ovyo hazingojei watu washibe kwanza.

Asubuhi nilimkuta Rukia mbele ya kioo. Gauni la satini lenye mabega ya sponji, viatu vya visigino virefu, poda hadi shingoni. Alikuwa amekata picha kwenye gazeti la akina mama la Nairobi: mwanamke na watoto wawili chini ya mwavuli, wote wakavu, wote wanacheka. Aliyepiga picha ile hajawahi kumshika mtoto mkono kwenye mvua hata siku moja.

"Wenda wapi hivyo?" nikamuuliza.

"Dada, leo wanitazama mimi. Wakiniona nimechakaa watasema siwezi kulea."

"Na wakikuona umelala matopeni na mtoto mgongoni, watasema nini?"

Alinuna, lakini alivua.

Nilimchagulia mwenyewe. Gauni la pamba, buluu iliyokoza, linaloishia juu kidogo ya vifundo vya miguu ili pindo lisizoe matope. Viatu vya plastiki vya kufunga, maana ndara zikinasa kwenye tope hubaki nyuma na wewe ukaendelea peku. Leso mbili za marehemu mama yetu, zilizofuliwa hadi zikalainika kabisa: moja ya kumbebea Abdalla, mdogo wake Salma, nyingine ya kujitandia. Hereni zake ndogo za dhahabu nilimwachia. Salma nilimvisha gauni la kahawia, rangi isiyoogopa tope.

Alipotoka mlangoni alikuwa amependeza kuliko yule wa kwenye picha. Hakuamini nilipomwambia.

Huko shambani tulikuta sare. Bi Zuhura alikuwa amewanunulia wanawake wote wa ukoo leso za aina moja, nyekundu, mpya. Rukia hakupelekewa. Kwetu hilo halihitaji maelezo: wewe si wetu tena. Na walizivaa kama zilivyotoka dukani, na wanga wake, maana leso ikifuliwa hupoteza ung'avu na watu hawatajua kuwa ni mpya. Wanawake wazima, wamezaliwa pwani, kila mmoja anajua rangi mpya hufanya nini ikikutana na maji. Wakalitazama wingu, kisha wakazivaa. Vijana wao wadogo wakawavisha kanzu nyeupe pepepe.

Wifi yake mmoja alimkagua Rukia kuanzia viatu hadi kichwani.

"Heh! Mwenzetu umekuja kulima?"

Wakacheka wote.

"Nimekuja kula, wifi," Rukia akasema. "Kulima nawaachia wenye shamba."

Nilijisikia vizuri kwa muda mfupi tu. Bi Zuhura alikuwa ametundika kwenye nguzo ya banda gauni la kitoto la waridi, la wavu na marinda, ndani ya nailoni.

"Hili lako, mjukuu wangu," alimwambia Salma. "Lakungoja kwangu."

Salma hakula. Alikuwa akilitazama gauni tu. Rukia aliliona hilo, na mkono aliokuwa akimlishia Abdalla ukasimama njiani. Nimemjua mdogo wangu tangu azaliwe. Sijapata kumwona akiogopa kiasi kile.

Kisha mvua ikaongezeka. Makuti ya banda lile yamechoka, na upepo ukaileta mvua ndani kwa ubavuni. Wanawake wakakimbilia masinia, wakayafunika kwa leso zao, yaani kwa wino. Rangi ikawatiririka shingoni, mikononi, miguuni. Kanzu nyeupe zikageuka madoadoa kama nguo za wachinjaji. Wali ukaingia rangi. Bi Zuhura akapiga kelele kwamba dukani walimwapia haichuji. Bila shaka. Mwenye duka angesema nini kingine?

Mimi nilihamisha sahani yangu, nikaendelea kula.

Mzee Athmani, kaka yake Bi Zuhura, hakuona sababu ya kuahirisha. Alimwita Salma katikati ya vurugu ile.

"Mwanangu, wataka kukaa kwa nani?"

Bi Zuhura akapiga magoti, akamnyooshea mikono. "Njoo kwangu, mjukuu wangu, njoo."

Mikono ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko, inachuruzika rangi.

Salma alipiga ukelele ambao nadhani umesikika barabarani. "Nyanya atoka damu!" Akajitupa kwa mama yake, akajificha ndani ya leso.

"Si damu, ni rangi, we mtoto!"

Kila Bi Zuhura alivyomsogelea, ndivyo mtoto alivyozidi kulia. Mwisho Mzee Athmani akainua mkono. "Basi, Zuhura. Mtoto ameshasema. Akae na mamake."

Rukia alilia kwa furaha njia nzima. Anaamini Mungu amemjibu, na pengine ni kweli. Sikumwambia nilichokiona, kwamba macho ya Salma hayakubanduka kwenye lile gauni mpaka mikono ile ilipomjia. Leo kungekuwa na jua, tungerudi na Abdalla peke yake.

Kwa hiyo hakuna aliyepimwa ulezi wake leo. Yule bibi alimtegea mtoto kama anayetega kuku, akashindwa kwa ubishi wake wa kuvaa kipya. Nawadharau. Ushindi wetu nao sina cha kujivunia, ila nimeupokea.

Tulipokuwa tunaondoka, Bi Zuhura alikuwa akijikamua na kusema kwa sauti, ili tusikie: "Baada ya Idi tutamuuliza tena. Kukiwa kukavu."

Rukia asema huyo ni mtu aliyeaibika, anajisemea tu, mambo yamekwisha. Sasa hivi nawasikia chumba cha pili, yeye na Salma, wanamfundisha Abdalla kuhesabu vidole.

Hayajakwisha. Jumatatu nampeleka Rukia kwa kadhi, atake asitake, tukapate neno la mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Twende mvua ikiwa bado inanyesha.