Mboga za Mayi kwa Mzee Guyo

Garbatulla, Isiolo
Jumapili, baada ya kanisa

Mayi mpendwa,

Nakusalimu nikiamini goti lako limepata nafuu sasa mvua imepungua huko Bungoma, na kwamba Papa amekubali kupumzika angalau mchana. Mimi ni mzima. Cherehani haijanisumbua, sare za shule ndizo zilizonishika siku hizi, na joto la huku nimelizoea, ingawa kila adhuhuri bado nalilalamikia. Uliniuliza kwa simu kama zile mbegu ulizonitumia ziliota, mtandao ukapotea kabla sijajibu. Jibu lenyewe ni refu, ndiyo maana nimeamua kuandika. Nimepitia shajara yangu kwanza ili nisichanganye mambo.

Ziliota. Nilizipanda kwenye magunia nyuma ya chumba changu, nikazinywesha maji ya kusuuzia vyombo, maana huku maji safi hayamwagwi ovyo. Saga, kunde, mrenda, zote zikatoka. Lakini aliyezila zaidi si mimi. Ni Mzee Guyo, mwenye nyumba wangu.

Mzee Guyo ni Mborana. Ngamia wake wako mbali, upande wa Sericho, na mwanawe Halkano. Kila mvua ikinyesha mzee hupanda lori akaenda kukaa nao. Mwaka huu daktari alimkuta na sukari nyingi kwenye damu. Akamwambia ameze dawa kila siku, apunguze ugali, aache chai ya sukari, na ale mboga za majani kwa wingi. Kisha akaongeza kwamba sukari isiposhuka itabidi aanze sindano, na dawa ya sindano inataka kuwekwa mahali pa baridi, kwa hivyo safari ya ngamia aisahau. Mzee alirudi nyumbani akaketi mlangoni, akitazama upande wa Sericho. Mkewe, Mama Habiba, akaniambia, "Huyu ukimtenga na ngamia, umemzika akiwa ameketi."

Ndipo nikaanza kuwapelekea mboga. Siku ya kwanza niliwapikia mrenda. Mzee alichota kwa ugali, akainua mkono, mrenda ukamfuata ukivutika kama uzi. Akainua zaidi.

"Binti, hii mboga haijaagana na sahani."

"Wewe meza," mkewe akamwambia. "Ngamia wako wanameza miiba."

Kunde ndizo alizozipenda, hasa Mama Habiba alipozipika kwa maziwa ya ngamia, kama wewe unavyozipika kwa maziwa ya ng'ombe. Baada ya hapo akawa anabisha mlango wangu mwenyewe kuuliza leo kuna nini. Sote tulikuwa na matumaini.

Siku ya kurudi kwa daktari Mama Habiba alinituma niende na mzee, akisema akienda peke yake atarudi kumdanganya. Mayi, sukari ilikuwa imepanda.

"Mzee, mboga unakula?" daktari akauliza.

"Uliza huyu."

Nikasema anakula, tena sana.

"Dawa?"

"Nameza."

"Na chai?"

"Chai nimeongeza sukari."

"Umeongeza? Kwa nini?"

"Si wewe ulisema majani inakula sukari? Sasa ikikosa, itakula nini?"

Daktari aliweka kalamu chini akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akawa mkali. Alimweleza kwamba majani hayali sukari. Yanashibisha, na yanafanya chakula kiingie kwenye damu polepole, lakini sukari aliyoimwaga kikombeni mwenyewe hakuna jani litakaloifukuza. Akampa nafasi ya mwisho kabla ya sindano.

Kazi ikabaki kwa birika. Huku, Mayi, chai huchemshwa pamoja na sukari yake, na kila anayeingia humiminiwa kutoka birika hilo hilo. Mama Habiba alikataa kabisa. "Mgeni akionja chai isiyo na sukari hapa, mji wote utajua kwamba hatutaki watu."

"Basi nitawaambia mimi," mzee akasema.

Wa kwanza kuonja alikuwa shemeji yake Jillo, mtani wake mkubwa. Baada ya salaam aleikum akapiga funda moja, akatazama ndani ya kikombe.

"Guyo, sukari imeisha Garbatulla?"

"Haijaisha. Imejaa kwa damu yangu. Nikuchotee?"

Jillo alicheka akajimwagia chai kwenye kikoi. Baadaye nikamsikia akiuliza kwa sauti ya chini huo ugonjwa unapimwaje, na asubuhi yake alikuwa kwenye foleni ya hospitali. Tangu hapo bakuli la sukari hukaa pembeni, anayetaka atie yake. Mji haujasema kitu.

Tuliporudi hospitali, daktari alitazama kipimo, akakitazama tena. "Imeshuka vizuri. Nenda kwa ngamia wako, mzee. Vidonge usiache hata siku moja."

"Na majani?"

"Na majani."

Mama Habiba alianika majani ya kunde kivulini, kama vile wao huanika nyama, akamjazia mfuko. Mzee aliketi mbele na dereva wa lori akiimba, na hakukumbuka kutuaga.

Juzi dereva huyo alileta dumu la maziwa ya ngamia. Mzee amefika salama, anatembea na wanyama tangu alfajiri. Ameagiza nusu ya maziwa iwe yangu, na nusu ya mama aliyetuma mbegu. Bungoma yasingefika, Mayi. Nilikunywa fungu lako siku hiyo hiyo, na lilikuwa zuri kuliko langu.

Msalimie Papa. Msalimie bibi yetu Kukhu, umwambie mrenda wake sasa unajulikana kwa Waborana. Kaka Wafula na mkewe nawatakia mavuno mema. Mama Habiba anakusalimu kama dada, na anaomba mbegu za kunde zaidi.

Nakukumbatia kutoka huku kwenye jua,
Binti yako, Nekesa