Walimwombea Mchungaji Koti la Baridi

Kakuma, Septemba 2024

Mpendwa Dada Mélanie,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kigoma, wewe, shemeji na wanangu wote. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba sasa unapanda kile kilima cha sokoni bila kumlaumu aliyekiweka pale. Sisi huku tu wazima. Jua ni lile lile, vumbi ni lile lile, watoto wamerudi shule, na mume wangu amenenepa. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ningekutumia sauti kwa simu, lakini najua simu yako ikilia nyumba nzima husogea kusikiliza, na mwisho wa barua hii kuna jambo la masikio yako peke yako. Ukilifikia, toka nje usome.

Mwaka jana nilikuambia Gervais amekonda, ukaniuliza kama ana malaria. Hakuwa na malaria. Alikuwa na kanisa. Hapa kambini tuna desturi ambayo hakuna anayejua ilianzishwa na nani. Familia ikiitwa mahojiano ya kwenda kuishi nchi za mbali, mchungaji hufunga pamoja nao mpaka majibu yatoke. Tulipokuwa wachache haikuwa taabu. Sasa tumekuwa wengi, Warundi, Wakongo, Wasudan Kusini na ndugu zetu Waturkana, na majibu hutoka yanapotaka yenyewe. Kesi ya huyu haijajibiwa, ya yule imeanza. Kwa hiyo shemeji yako akawa mtu wa kufunga mwaka mzima, na jioni akila alikula vijiko viwili vya maharage na kusema ameshiba.

Watu walifurahi sana. Kadiri alivyozidi kukonda ndivyo walivyosema upako umemshukia. Walikuja na wageni wao kumtazama. Mimi niliyekuwa nikitoboa matundu mapya kwenye mkanda wake nilijua ule si upako, ni njaa.

Na njaa ilikuwa jambo dogo. Alikuwa ameacha kucheka. Mtoto akiangusha kikombe, alifoka mpaka majirani wakanyamaza. Biblia aliifungua kutafuta mahubiri ya Jumapili tu, kama mtu anayepekua kabati kutafuta kisu. Alasiri moja watu walipoondoka aliniambia kwamba akizungumza na Mungu ni kama anapiga simu iliyozimwa, na kwamba mwaka ukiisha atalirudisha kanisa mikononi mwa wazee. Alilisema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kwamba unga umekwisha. Niliogopa, dada. Huyu ni mtu ambaye tangu ujana wetu Rumonge hakutaka kazi nyingine duniani. Niliogopa kumpoteza huku bado amekaa mezani pangu.

Hapo ndipo alipoingia Mchungaji Lomorukai. Ni Mturkana wa Lodwar, na kazi yake ni kuzunguka kaunti hii kuangalia wachungaji wenyewe wanaendeleaje. Ni mtu mkubwa mwenye sauti ya chini. Akikusalimu ejok, anasubiri umjibu kweli. Walikutana kwenye mkutano wa wachungaji hapa Kakuma, na wakiwa wanakunywa chai akamuuliza Gervais ni nani anayemwombea yeye. Gervais akacheka, akasema Mungu anamjua. Lomorukai hakucheka. Kesho yake alifika nyumbani, akatazama sahani iliyokuwa mbele ya mume wangu, akanigeukia mimi na kuniambia nifungashe.

Alitualika sote Lodwar kwa likizo ya Agosti na akatusaidia kupata kibali cha kusafiri. Masharti yake yalikuwa magumu kuliko kibali. Gervais asihubiri, asimwekee mtu mikono, asipokee simu, na kanisani asijue mtu tulikokwenda isipokuwa mzee mmoja. Lodwar si mbali, alisema, na wakijua mtawafungulia mlango watu wenye kesi zao. Gervais alikataa kwanza, akauliza ni nani atakayefunga na watu. Lomorukai akamjibu kwamba watu hao walikuwa na Mungu kabla hawajawa na yeye. Mwishowe wakakubaliana ajaribu. Akirudi vile vile alivyokwenda, akabidhi kanisa na asilaumiwe.

Mzee tuliyemwambia ni Atem, yule Mdinka niliyekusimulia, ambaye ukimpa siri hata mkewe haipati. Alisikiliza, akasema khalas, yaani basi imekwisha, akafunga mdomo. Sisi tukaondoka alfajiri, familia nzima, na mabegi, bila kuaga, nyumba tumeifunga kwa kufuli.

Wewe uliyepita kambini umeshajua kilichofuata. Huku familia ikitoweka alfajiri na mabegi yake, imepata ndege. Wengi huficha hadi siku ya mwisho kwa kuogopa wivu. Kabla ya saa sita mtaa mzima ulijua Pasta amepata ndege. Vijana walisema Pasta ameomoka, yaani maisha yamemnyookea. Kulikuwa na ubishi kidogo kati ya Australia na Canada, Canada ikashinda. Walipokwenda kumuuliza Atem, akawajibu kwamba aliahidi kutosema kitu, na hilo likawa uthibitisho.

Mimi na watoto tulikaa mjini Lodwar kwa Awoi, mke wa Lomorukai. Gervais alipelekwa upande wa Lokiriama, kwenye mifugo ya kaka zake Lomorukai. Wenyeji waliambiwa tu kwamba huyu ni rafiki aliyechoka. Kiangazi kilikuwa kikali, na maji walikuwa wakiyapata kwa kuchimba visima virefu kwenye mchanga wa mto. Wanaume husimama ndani ya kisima mmoja juu ya mwingine na kupandisha makarai ya maji huku wakiimba. Aliyechoka hupaza sauti, mwingine hushuka kuchukua nafasi yake. Wakamweka shemeji yako chini kabisa. Unafikiri alipaza sauti? Aliendelea kuinua karai mpaka akaanguka ndani ya maji.

Walimtoa wakicheka, lakini kaka mkubwa wa Lomorukai hakucheka. Alimkaripia mbele ya wote. Alimwambia mtu anayeficha uchovu wake ndiye anayewanyima mifugo maji, kwa sababu mstari unakatika mahali ambapo hakuna aliyejiandaa. Kisha akampa maziwa na kumwamuru alale. Gervais ananiambia siku iliyofuata alipojaribu kupaza sauti, sauti ilimkwama kwa aibu. Akajaribu tena. Hakuna hata mmoja aliyemtazama vibaya. Kijana mmoja alishuka, akapokea karai, wimbo ukaendelea.

Jioni Lomorukai alimwombea kwa Kiturkana, maombi mafupi, na Gervais alikaa tu asielewe neno hata moja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakutakiwa kujibu kitu. Halafu asubuhi moja akajikuta anazungumza na Mungu bila kutumwa na mtu, bila kesi ya yeyote, na upande wa pili kulikuwa na anayesikiliza. Alizungumza mpaka mbuzi wakaenda malishoni na kumwacha. Aliporudi Lodwar, mweusi kwa jua na mavumbi mpaka kwenye nyusi, alikula ugali wa Awoi, akaomba mwingine. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha, na sikuona haya.

Tulirudi Kakuma siku ya Jumapili. Alitaka aingie kanisani kama muumini mwingine yeyote, tukashuka kwenye basi na kwenda moja kwa moja. Ibada ilikuwa imeanza. Mbele alisimama Nyaruach, yule Mnuer anayeongoza kwaya yetu na kuuza chai kituo cha mabasi, na alikuwa akiomba. Alikuwa akimwombea mchungaji wetu Gervais aliyeko Canada. Aliomba theluji isimpige. Aliomba Mungu ampe koti zito, lenye kufika magotini, kwani hapa aliondoka na mashati matupu. Aliomba apate huko mtu wa kumuuliza ameamkaje. Akaomba pia Mungu atusamehe sisi, kwa maana Pasta hakutuaga, lakini sisi nasi hatukuwahi kumuuliza kama amechoka. Kanisa zima likaitikia amina, na kina mama walikuwa wakilia.

Gervais alisimama mlangoni na makubazi yake ya vumbi, akinishika mkono mpaka ukaniuma. Miaka yote aliyolitumikia kanisa lile hakuwahi kusikia jina lake likiombewa mle ndani. Machozi yalimtoka kama mtoto, nami nikamwacha alie.

Pal, mzee wa mlangoni, ndiye aliyemwona kwanza. Aliuliza kwa sauti kubwa kama wamemrudisha kutoka uwanja wa ndege. Watu wakageuka, na vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka barabarani. Mama mmoja alimshika mashavu kuhakikisha ni yeye. Ilichukua muda mrefu wakae chini.

Kisha akawaambia ukweli wote. Aliwaambia hakuwa Canada, alikuwa njia ya Lokiriama akiteka maji ya mbuzi. Aliwaambia alikuwa amekauka, kwamba alisimama mbele yao akiomba huku moyoni hakuna kitu, na kwamba alikusudia kuacha kazi. Sasa hataki tena kuiacha, lakini hawezi kufunga na kila kesi, na kama kanisa halimtaki mchungaji wa namna hiyo wamwambie leo. Vigelegele vilikwisha.

Atem akasimama, na unajua alivyo mrefu. Alisema walipoona hawana mchungaji waligawana kazi zake. Familia zinafungiana kwa zamu, Nyaruach na kina mama wanatembelea wagonjwa, yeye mwenyewe anafundisha wageni. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake, kwamba Pasta hiyo kazi yetu sisi narudisha hapana, wewe hubiri, omba, na kula chakula. Kanisa likasimama likapiga makofi. Nilimtazama mume wangu, na alikuwa akicheka, kicheko chenyewe kile cha Rumonge.

Jioni hiyo majirani waliokuwa wameturithi vitu vya uani, wakidhani haturudi, walianza kuja, mmoja na jiko letu, mwingine na mabeseni, macho chini. Kuku wangu alirudi na vifaranga, kwa hiyo nimefaidi. Tangu hapo kanisa limeamua kila Agosti mchungaji aende kupumzika, na kukataa haruhusiwi. Kanisa la Wakongo la Kalobeyei lilisikia likaomba nalo lisaidiwe, na mchungaji wao yuko Lokiriama ninapokuandikia. Gervais mwenyewe sasa huandamana na Lomorukai, huketi na wachungaji wenzake na kuwauliza ni nani anayewaombea. Wengine hucheka kama alivyocheka yeye, naye husubiri.

Sasa toka nje, dada.

Mimi nilijua kwamba wanatudhani tuko Canada. Tulipokuwa bado Lodwar, Nyaruach alinipigia kwa WhatsApp. Nilikuwa uani kwa Awoi nikifua nguo ambazo zilikauka kabla sijamaliza kuzikamua. Akaniuliza kama tumefika salama na kama baridi ya Canada ni kali. Ningeweza kusema ukweli kwa neno moja. Nikaikumbuka ile sahani ya vijiko viwili. Nikamwambia hali ya hewa ya huku tunaizoea. Akauliza kama Pasta amepata koti, nikasema bado. Ndiyo, koti lile nimeliagiza mimi. Gervais hajui, anafikiri uvumi ule ulikua wenyewe, na mimi mke wa mchungaji niliacha kanisa zima liombe dhidi ya theluji ya Lodwar.

Juzi nilishindwa kuendelea kulibeba, nikaenda kwa Nyaruach kituoni kumwomba radhi. Aliniacha niseme yote huku akiwamiminia madereva chai. Nilipomaliza akaniambia nikae. Kisha akaniuliza nilidhani yeye huuza chai wapi. Ile alfajiri alituona kwa macho yake tukipanda basi la Lodwar. Aliona pia jinsi Gervais alivyoshindwa kuinua begi lake mwenyewe. Watu walipoanza kuulizana nani amfuate Pasta alikokwenda, yeye ndiye aliyesema Canada. Alinipigia simu ajue kama na mimi nitaushikilia uongo huo.

Nikamuuliza, sasa koti lile aliliombea nini. Akasema koti lilikuwa la masikio ya watu. Yale mengine, ya kupata mtu wa kumuuliza ameamkaje, alikuwa akiyaomba tangu mwaka jana, kimya kimya, akiwa na birika mkononi.

Jumapili ijayo Gervais anahubiri juu ya kusema kweli. Mimi na Nyaruach tumekubaliana tusimame kabla hajafika mimbarani. Amesema nianze mimi, kwa sababu lake ni kubwa zaidi na litawasahaulisha langu. Utuombee.

Gervais anakusalimu sana na anasema akija kwako utapika sufuria mbili. Watoto wanawabusu binamu zao. Msalimie shemeji, na yule jirani yako mwenye bata. Goti ulipake mafuta ya moto kila jioni, usinidanganye kwamba unapaka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Spéciose