Kigari Kitakachopita Tarime

Nairobi, 12 Januari 1957

Baba mpendwa, shikamoo. Mimi mzima, ni uchovu tu wa gereji. Macho yako yanaendeleaje?

Tajiri amenunua kigari kidogo, na anataka kiyashinde magari makubwa kwenye mashindano ya mwezi wa tano. Injini amenikabidhi mimi. Nimepanga kukikwangua kichwa cha injini ili mgandamizo uongezeke, nifunge kabureta mbili, na pistoni ziwe nyepesi. Wewe uliyetunza mashine za mgodi miaka kumi na minane, unasemaje? Safari yenyewe itapita hapo Tarime.

Mwanao,
Selestine

Tarime, 20 Februari 1957

Mwanangu, salamu nyingi. Anayeandika ni shangazi yako Wegesa, ninayekaa kwake tangu macho yafungwe kabisa. Kifua kinanisumbua. Masikio bado mazima.

Kikwangue kidogo tu. Petroli ya huku ni hafifu; ukizidisha, injini itagonga kama nyundo, na ikigonga kwa mwendo huo pistoni itatoboka. Mengine siwezi kuyaandikisha, Wegesa amechoka na mimi nimechoka. Ni mwaka wa sita hujakanyaga hapa. Njoo nikueleze kwa mdomo.

Baba yako,
Nyamhanga

Nairobi, 28 Aprili 1957

Baba, shikamoo. Shangazi hajambo? Mimi mgongo unaniuma, lakini namshukuru Mungu.

Tajiri ameyakataa maneno yako. Nimekwangua alivyotaka yeye, na kweli kigari kinaruka. Nitakaa pembeni ya dereva kama fundi wake. Jumamosi tarehe 25 Mei tutapita mbele ya nyumba ya shangazi, ila haturuhusiwi kusimama. Nimemwomba dereva apige honi mara tatu. Uisikilize injini yangu, baba.

Mwanao,
Selestine

Tarime, 10 Juni 1957

Mwanangu, hujambo? Mimi ni vile vile.

Honi nilizisikia zote tatu. Injini nayo niliisikia, inagonga. Nikajua haifiki mto Mara. Nikafurahi, Selestine. Mungu anisamehe, nilifurahi, maana kutoka kivukoni hadi hapa ni mwendo wa siku moja kwa miguu. Nikamwambia Wegesa amfunge jogoo mguu, asipotee kabla hujafika. Leo ni siku ya kumi na sita nakaa kando ya barabara. Je, mlivuka?

Baba yako,
Nyamhanga

Nairobi, 2 Julai 1957

Baba, shikamoo. Nakuandikia kwa shida.

Hatukuvuka. Pistoni ya tatu ilitoboka kabla ya kivuko, kama ulivyosema. Nilianza kuja kwako kwa miguu, kisha nikageuka. Ningekuambia nini, mikono mitupu, na injini nimeiua mwenyewe? Jumatatu iliyofuata lori lilikuja tukakipakia kigari. Tulipopita hapo nyumbani nilikuwa nyuma, nimelala kando yake chini ya turubai. Niliona aibu. Nisamehe.

Mwanao,
Selestine

Tarime, 25 Julai 1957

Mwanangu, salamu.

Lori lile nalo nililisikia. Nilimwambia Wegesa limebeba kitu kizito.

Pistoni ngapi niliziua mimi pale mgodini, na bado jioni nilirudi kwa mama yako nikala. Sikukasirikii. Nimechoka tu kukaa barabarani. Wegesa amemfungua jogoo.

Baba yako,
Nyamhanga