Mume wangu amenoa upanga wangu wa mazoezi

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mwalimu wangu anakwenda kumgombeza mtu asiye na kosa, na aliyemtuma ni ulimi wangu.

Mimi ni karani wa hospitali, najifunza upanga kwenye klabu iliyo juu ya duka la rangi, na baada ya kuuzoea upanga wa mbao mwalimu alinipa ruhusa ya kununua wa chuma, nikaenda kwa muuza vifaa vya michezo, mzee mmoja mpole, akanisimamisha wima, akanipa huu nikaurudisha, akanipa ule, mpaka nikapata uliotulia mkononi, mwepesi, butu kama mgongo wa kijiko. Sasa mume wangu ana bucha. Alipitisha kidole gumba ukingoni, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama watoto, wamekuuzia fimbo." Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa, nikacheka, nikadhani yameisha, kumbe nilipokuwa zamu aliupeleka buchani, akaunoa, akaupaka mafuta, akaurudisha kwenye ala yake kimya, eti nikashangae mwenyewe.

Nilishangaa. Tulikuwa kwenye zoezi la wawili wawili, unashusha upanga na kuusimamisha karibu na kiuno cha mwenzako, na mwenzangu ni dereva wa gari la wagonjwa tunayemwita Twiga, nami nikachelewa kidogo kuusimamisha, ukamgusa, na mkanda wake wa kitambaa ukaanguka vipande viwili bila sauti. Twiga akautazama, akajipapasa tumbo, akasema, "Dada, niambie taratibu, utumbo uko ndani?" Hana hata mkwaruzo, namshukuru Mungu mpaka leo, lakini mwalimu alipouliza makali haya yametoka wapi, niliona jinsi mume wangu atakavyochekwa na klabu nzima, nikasema ndivyo nilivyouziwa. Sasa anakwenda dukani, na amesema hakuna mwanafunzi wake atakayenunua tena pale. Mume wangu hajui lolote. Nifanyeje?

Mke wa Mwenye Bucha

*

Mwanangu, nilipofika kwenye mkanda niliiweka barua chini nikavua miwani, na niliposoma kwamba Twiga ni mzima ndipo chai yangu ikashuka. Lililo kubwa limepita salama. Yaliyobaki yana dawa, na dawa yenyewe ni ulimi uleule ulioleta ugonjwa.

Lakini kwanza nikugombeze. Kumsitiri mumeo asichekwe ni mapenzi. Kumtwika mzee wa watu kosa lisilo lake ni dhuluma. Mzee huyo alikufanyia kazi ya kiungwana. Alikusimamisha wima kwa sababu upanga hupimwa kwa mwili wa anayeushika: mkono ukining'inia, ncha isiburuzike sakafuni. Alikubadilishia huu na ule kwa sababu upanga mzito huchosha kifundo cha mkono, na mkono uliochoka hausimamishi kitu kwa wakati. Akakuuzia butu kwa kuwa upanga wa mazoezi hutengenezwa kwa ajili ya watu wanaokosea. Ulichelewa kidogo, kama anavyochelewa kila mwanafunzi. Kwa upanga aliokuuzia, Twiga angeguna mkaendelea.

Mumeo naye hakukosa upendo, alikosa kuelezwa. Katika kazi yake kisu butu ndicho kinachojeruhi, maana huteleza kwenye mfupa kikarudi mkononi. Aliona mkewe anakwenda kuumia, akamwokoa kwa namna anayoijua. Wewe ulimwambia "ndivyo inavyotakiwa" ukacheka. Kwa nini inatakiwa hivyo, hukumwambia.

Basi ukimaliza kusoma hapa mpigie mwalimu simu, useme: "Nilidanganya, upanga ulinolewa nyumbani." Atafoka. Mwache afoke, ana haki. Kisha nenda dukani ukamwombe yule mzee radhi, hata kama hajui kwamba alisingiziwa, na ununue mwingine. Usijaribu kuutia butu huo wa kwanza: ukingo wake umeshakuwa mwembamba, ukigongwa utamomonyoka, na kipande cha chuma kikiruka hakichagui jicho. Ufungie mbali na watoto. Twiga mnunulie mkanda.

Jioni mketishe mumeo, umsimulie yote tangu mwanzo. Mwambie: "Baba watoto, umeunoa vizuri mno, ndiyo maana siwezi tena kuushika mbele ya mtu." Kwanza atauliza kama yule kijana ni mzima. Mjibu kwamba ni mzima. Hapo mtapumua wote wawili.