Jogoo Hafundishwi Kuwika

Mpwa wangu Mwanaidi,

Shikamoo yako naiitikia kabla hujaitoa: marahaba, mwanangu, marahaba sana. Habari za Tongoni? Magoti ya mamako yamepoa, au bado anashuka kitandani kwa bismillahi tatu? Mumeo Bakari hajambo? Na yule mbuzi wake mla nguo za watu kambani, bado hajachinjwa tu? Mwanao Zuhura sijamuuliza, usidhani nimemsahau. Barua hii yote ni yake.

Mie kiwiliwili sijambo. Baridi ya huku Ujerumani mwaka huu ni balaa. Juzi nilipiga chafya nje, chafya ikaanguka chini ikavunjika.

Utashangaa kuona karatasi. Mjomba wako wa kukutumia sauti kwenye simu, dakika kumi, dakika kumi na tano, leo kakamata kalamu, na mwandiko wenyewe ni ule ule wa darasa la sita nilipoachia. Sababu ni kwamba nikishika simu mdomo unatangulia. Nimekurekodia mara tatu juu ya jambo hili, na mara zote tatu nikajikuta nasimulia jinsi ninavyoheshimiwa huku. Nikazifuta. Kalamu haina mbio hizo. Barua anakuja nayo Mdigo mmoja tuliyezoeana hapa, anakuja Tanga kuoa mke wa pili bila wa kwanza kujua, kwa hiyo ni mtu wa kuaminika kwa siri.

Kwanza nikutoe tongotongo kuhusu kazi yangu. Niliwaambia mie ni msaidizi wa madaktari wa ubongo, mamako akatangaza mpaka Pongwe. Basi sikiliza. Katika chuo kimoja hapa kuna chumba cha ndege, na mie ndiye ninayesafisha vizimba, nabadilisha maji na kumwaga mtama. Lile koti jeupe kwenye picha ni langu kweli, lakini nimepewa kwa sababu ya mavi ya ndege. Hata hivyo usinidharau. Wasomi wote wale, hakuna anayeweza kumshika ndege asimtoe manyoya isipokuwa mie. Siku moja walitoroka arobaini, chuo kizima kikawa kinaita, "Rajabu! Rajabu!" Nikawarudisha wote kwa mluzi.

Haya, walikuwa wanne, na wawili walirudi wenyewe kwa njaa. Leo nimejiapiza kuandika kweli.

Ndege wenyewe ni wadogo, mdomo mwekundu, jamaa na chiriku wa kwetu, nami nawaita chiriku. Mwenye chumba ni profesa mwanamke, mwembamba kama ufito, na kazi yake ni kutaka kujua chiriku anajifunzaje kuimba. Kumbe anajifunza! Mie na mvi hizi nilidhani ndege anaanguliwa na wimbo wake kooni. Kifaranga dume anakaa kimya kwanza, anamsikiliza babake, siku nenda siku rudi. Kisha anaanza kubabaika mwenyewe, chi-chi-chii, vile mtoto anavyosema ba-ba-ba. Anakosea, anarudia, anakosea tena, mpaka wimbo wa baba unakaa mahali pake. Wanampitishia uzi wa chuma mwembamba kuliko unywele mpaka ndani ya ubongo, halafu wanausikiliza ubongo kwenye spika. Profesa aliniita nikasikia kwa masikio yangu. Unapasukapasuka kama ufuta kikaangoni.

"Hapo anamsikia babake," akaniambia. Akanionyesha kwenye picha ya ubongo ile sehemu inayosikia; haizidi punje ya mtama. Punje nyengine ndiyo inayoamrisha koo. Hizo mbili lazima zizoeane wakati ndege bado mchanga, akikomaa mlango unafungwa.

"Na jogoo je?" nikamuuliza, maana mie swali halinikai tumboni.

"Jogoo hafundishwi. Mlee peke yake tangu yai, siku yake ikifika atawika kama jogoo mwengine yeyote."

"Na mtu?"

"Mtu ni kama chiriku, Rajabu. Asipopewa, hana."

Akacheka kidogo, akarudi kwenye kompyuta yake. Mie nilibaki nimeshika ufagio, naiona baraza yenu.

Unaikumbuka siku ile. Nimekuja likizo na masanduku yangu matatu, Zuhura ana miaka mitatu, ile homa ya uti wa mgongo imeshapita na imeshaondoka na masikio yake. Hospitali walikwishakwambia hayarudi. Akaja yule mwalimu wa darasa la viziwi la mjini, Mwalimu Singano, na pikipiki yake inayokohoa. Akasema kwa adabu zote, "Mama Zuhura, huyu mtoto mtuletee mapema tumfundishe lugha ya alama. Asikae bure." Wewe ulikwishaanza kuulizia sare. Aliyesimama kupinga ni nani? Ni mie.

"Mwalimu," nikamwambia, "mtoto wa ukoo huu azungumze kwa vidole, kama anafukuza nzi?"

Baraza ikaangua kicheko. Bakari mwenyewe akacheka.

"Mzee wangu," mwalimu akasema, "ile ni lugha kamili. Ina matusi mpaka mashairi."

"Wewe unafanya kazi na chaki, mie nafanya kazi na madaktari wa ubongo. Maneno huyu anayo ndani, siku yake ikifika yatatoka. Jogoo nani alimfundisha kuwika? Tena mashine ya masikio nitaileta mie mwenyewe. Mtoto asubiri."

Mamako akapiga kigelegele. Mwalimu akamaliza chai yake, akashukuru, akaipiga pikipiki teke mara nne ndipo ikawaka, akaenda zake. Wewe ukanifuata uani ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, una hakika?" Nikakujibu, "Mwanaidi, lini umenisikia nimekosea?"

Basi leo umesikia.

Na kila ulipouliza tena nikasema bado kidogo. Miaka mitano ya bado kidogo. Ulinitumia ile video, Zuhura anakuvuta dera, anaonyesha tumbo, anaonyesha mlango, kisha anagonga kichwa ukutani na wewe unalia nyuma ya simu hujui kinachomuuma. Unakumbuka nilikujibu nini? "Huyo ana hasira za wajomba zake, ataolewa na mbunge." Wallahi niliandika hivyo, na alama ya kucheka juu yake.

Siku ile profesa aliponiambia habari za jogoo sikuweza kufagia. Nikamsimulia profesa habari za Zuhura, huku moyoni nikisema sasa ndipo atafungua kabati anipe dawa. Hakufungua kabati. Aliuliza, "Anatumia lugha gani nyumbani? Ya mikono?"

"Hatumii."

"Hana lugha yoyote?"

"Anavuta nguo. Anaonyesha kidole."

"Na ana miaka mingapi?"

"Minane."

Akavua miwani akaifuta, na ilikuwa safi. Akasema yeye si daktari wa watoto, ila kwa anavyojua, ubongo wa mtoto haujali kama lugha imeingia kwa sikio au kwa jicho. Chakula ni kile kile, sahani tu tofauti. Lakini kungoja, hapana, haungoji.

"Na mashine ya masikio?"

"Kwa aliyekaa kimya kirefu hivyo, anaweza kupata kelele asipate maneno. Tena hiyo hospitali yenu ilishasema."

"Basi akianza mikono leo?"

"Atapata kitu. Atapata majina ya vitu, atasema njaa, atasema tumbo. Lakini kule kuyapanga maneno, kusimulia jana na kesho, kusema 'ningekuwa' na 'isingekuwa', sijui, Rajabu. Wengi wa waliochelewa haiji sawasawa. Siwezi kukudanganya."

Mwanaidi, mtu wa kunidanganya nilimtaka siku ile, nikamkosa. Nikaamua kumwonyesha profesa kwamba hajui. Kulikuwa na chiriku mmoja aliyelelewa kwenye sanduku lisilopitisha sauti, tangu kifaranga hajasikia dume akiimba. Sasa ni mtu mzima, na wimbo wake ni mkwaruzo, bawaba ya mlango uliokosa mafuta. Wasomi walikwishamaliza kazi naye. Nikaomba nikabidhiwe, nikapewa. Nikamweka kizimba kwa kizimba na dume muimbaji kuliko wote mle chumbani, kila asubuhi, mtama hawali mpaka somo limalizike. Nikajisemea hawa wamesoma vitabu, mie nimesoma ndege.

Wiki ya nne nikatangaza kwamba kaanza kubadilika. Nilikuwa nasikia kabisa anabadilika. Profesa akaja na kinasa sauti, hakubisha, akarekodi, akaniita kwenye kompyuta. Huko sauti wanaichora; wimbo unaonekana kama maandishi. Akaweka mkwaruzo wa zamani juu, mkwaruzo wa sasa chini.

"Tazama mwenyewe," akasema.

Zilikuwa nyayo mbili za mguu mmoja.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba yule ndege alikuwa akisikiliza. Mwenzake akiimba yeye anatulia, anainamisha kichwa upande, anangoja mpaka mwisho, ndipo na yeye anajibu, kwa nguvu zake zote, mkwaruzo ule ule. Majike hata hawageuki. Nimemrudishia mtama wake ale saa atakayo.

Sasa sikiliza, na hili usiliulizie kwa mtu mwengine. Mpeleke Zuhura kwa Mwalimu Singano. Usingoje mwezi mpya, usingoje mamako aridhie, mie usiningoje kabisa. Mashine hakuna, haijawahi kuwepo. Profesa amesema na nyie nyumba nzima mjifunze hiyo mikono, wewe na Bakari na bibi yake, la sivyo atakuwa na lugha darasani, nyumbani awe bubu. Bakari akisema ana kazi nyingi, mwambie mjomba kasema vidole vinavyofungua bahasha hii vinatosha kuanzia.

Usije ukafikiri nakupa matumaini. Nimekupa ya uongo ya kutosha. Nakupelekea nilichoambiwa kilivyo: huenda atajua kuomba maji, na asijue kamwe kukusimulia alichoota. Huenda akapata zaidi. Mie nimeshaona ndege, siwezi tena kusema 'zaidi' kwa kinywa kipana.

Mie mwenyewe nilijaribu. Kuna chama cha viziwi mtaa wa pili, nikaenda nikakaa na watoto nikafundishwa alama ya mjomba. Nikaizoeza mbele ya kioo mpaka vidole vikauma, nikapanga nikupigie simu ya picha nimwonyeshe Zuhura. Mwalimu wao akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikasema Tanga. Akatikisa kichwa: kumbe kila nchi ina mikono yake, na hii ya Wajerumani huko haitasomeka. Nikasema ahsante nikavaa koti.

Nisalimie mamako, dada yangu, mwambie asinitaje tena Pongwe. Msalimie Bakari baba wa mtoto. Bi Mwanasha jirani yenu, aliyesema mtoto ana jini nikamfokea mbele za watu, naye nisalimie. Kwa jini nilikuwa sawa, kwa kumfokea sikuwa. Mwalimu Singano usimpe salamu zangu, ataziona kejeli. Huyo nitamwandikia mwenyewe nikipata maneno. Zuhura ndiye anayenishinda. Salamu za mdomo hazimfikii, za karatasi hazisomi, za mikono ninazo za nchi nyengine. Mshike kichwa tu, pale anapokigonga.

Na ukifika shuleni watakuuliza, "Mama, mbona mmechelewa hivi?" Usiiname, wala usiseme ni mipango ya Mungu. Waambie mjomba wake alisema asubiri. Wakitaka jina, nimeliandika hapa chini lote.

Mjomba wako,
Rajabu bin Athumani