Bibi Hataki Kukihama Kiyoyozi Chako

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mjomba na watoto, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi hatujambo. Baba na Mama wanakwenda kazini kama kawaida, nami naendelea na masomo. Mwalimu wa sayansi amesema nikikaza uzi nitafika mbali. Bibi naye hajambo kidogo, na hilo "kidogo" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unajua anavyokipenda kile kiyoyozi ulichomnunulia. Wageni wakija hawapewi chai kabla ya kuingizwa chumbani wakasikie ubaridi. Hata jirani yetu mshonaji, anayeona baridi jua likiwaka, ameshakaa mle na shali mabegani, akisifu huku akitetemeka.

Kiyoyozi kikifanya kazi hutoa maji, na maji hayo hutoka nje kwa mpira mwembamba uliopitishwa ukutani. Bibi aliona ni dhambi maji safi yamwagike bure, akautumbukiza mpira ndani ya dumu ili apate ya kupigia deki. Hakuna aliyemkataza, tulimsifu. Dumu lilipojaa, ncha ya mpira ikazama, maji yakakosa njia, yakarudi ndani na kuteremka taratibu nyuma ya kabati.

Hatukujua. Tulisikia harufu kama ya nguo zilizokunjwa mbichi, Mama akafua mapazia. Bibi akaanza kukohoa, tukalaumu vumbi. Siku tuliposogeza kabati kutafuta hereni yake iliyoanguka, tulikuta ukuta umeota ukungu mweusi kuanzia kimo changu hadi sakafuni. Gauni alilovaa kwenye harusi yako nalo lilikuwa na madoa mgongoni. Mama ameliokoa, usijali.

Tulimwita fundi, naye alipoliona dumu alicheka hadi akakaa chini. Akasema, "Mama, umekinywesha maji yake mwenyewe." Bibi akamuuliza mbona hakuyasema hayo siku alipokifunga, au siku hiyo ulimi nao ulikuwa umeziba. Fundi akainuka, akaenda kuuweka mpira sawa.

Jana tulijifunga vitambaa puani, tukafungua madirisha yote. Baba alikwangua rangi iliyovimba, mimi na Mama tukasugua ukuta kwa sabuni na siki mpaka mikono ikatuuma. Weusi umetoka, lakini ukuta bado una maji ndani; ukiugusa ni kama unagusa pua ya mbwa. Daktari amesema kifua cha Bibi hakitapona akiendelea kulala mle kabla haujakauka kabisa.

Hapo ndipo tulipokwama, Shangazi. Bibi hataki kuhama. Baba ameomba, Mama amebembeleza. Mimi nimempa kitanda changu, nikamwambia nitalala chini bila kinyongo.

Akaniambia, "Mke mwenzangu, mwanangu akisikia nimekikimbia kiyoyozi chake, atanionaje?"

Nikamjibu kwamba hutakasirika hata kidogo.

"Kwani wewe ndiye uliyemzaa?"

Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Tafadhali mpigie simu. Usimgombeze kuhusu dumu, maana aibu anayo ya kutosha, na usimtajie barua hii. Mwambie tu kwa kinywa chako kwamba hutaona vibaya akilala chumba kingine. Sisi hapa tumesema mpaka tumechoka, lakini ukisema wewe atakubali, najua. Sasa hivi amejilaza mle mchana huu, na ninamsikia akikohoa ninapoandika mstari huu.

Msalimie sana Mjomba, na watoto uwabusu kwa niaba yangu, hasa yule kitinda mimba asiyependa kubusiwa. Baba na Mama wanakusalimu. Mungu akutunze huko uliko, akupe usingizi mwema, na Bibi naye ampe.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye na ninayeisubiri simu yako.